Aliyejua Alimfundisha Asiyejua



Juma hili nimemfikiria mtoto ambaye wengi wenu mmemwona. Yuko darasa la nne. Ukimpa kitabu anasoma ukurasa mzima bila kukwama. Ukimwonesha neno moja katikati ya ukurasa huo huo, ananyamaza, kwa kuwa ukurasa wote ameukariri. Mtoto huyu si mjinga, maana kukariri kiasi hicho kunahitaji akili. Alichokosa ni mtu wa kuketi karibu naye. Je, wazee wetu wa Mara walipokutana na tatizo la namna hii walifanyaje?

Misheni ya Nyegina ilifunguliwa mwaka 1911 na Mapadre Weupe. Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Lavigerie, alikuwa ameagiza kwamba anayetaka ubatizo ajiandae kwa miaka minne. Katika maandalizi hayo mafundisho ya dini na kujua herufi vilikwenda pamoja, na ndiyo maana hata leo tunasema mtu "anasoma dini". Katekista hakuwa na cheti cha ualimu. Alikuwa mtu aliyetangulia hatua chache, akageuka nyuma kumshika mkono mwenzake.

Mwaka 1934 kijana wa miaka kumi na miwili alitoka Butiama akaja kuanza darasa la kwanza Mwisenge, katika mji huu huu wetu wa Musoma. Leo tungesema amechelewa mno. Kijana huyo, Julius Nyerere, alibatizwa Nyegina mwaka 1943, akawa mwalimu, na hatimaye Rais. Tukumbuke habari zake kila tunapotaka kumkatia tamaa mtoto aliyeachwa nyuma na wenzake.

Sensa ya mwaka 1967 ilionesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kuanzia mwaka 1968, mradi uliosaidiwa na UNESCO ulifanya majaribio katika mikoa ya ziwa, Mara ikiwamo, makao yake yakiwa Mwanza. Vitabu vyake vilizungumzia pamba, ng'ombe, uvuvi na malezi, yaani mambo ambayo msomaji aliyashika kwa mikono yake kila siku. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima.

Nani walifundisha? Walimu wa shule walikuwapo, lakini hawakutosha hata kidogo. Mzigo mkubwa ulibebwa na watu wa kujitolea, wengi wao vijana waliomaliza darasa la saba. Walilipwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Jioni, baada ya shamba, kijana alimfundisha mama wa umri wa mama yake, naye mama alikubali kufundishwa na mtoto. Unyenyekevu huo wa pande mbili ulizaa matunda. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulionesha kwamba wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 39, na kufikia mwaka 1986 walikadiriwa kuwa karibu asilimia 10 tu.

Novemba 1974, hapa hapa Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto awe na nafasi katika shule ya msingi. Azimio hilo la Musoma liliwaingiza darasani watoto wengi mno kwa mara moja, nao vijana wa darasa la saba wakafanywa walimu huku wakijifunza kazi. Wapo waliowacheka "walimu wa UPE". Mimi siwacheki, kwa sababu wengi waliosoma miaka ile walioneshwa herufi ya kwanza na watu hao.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Miaka ya themanini uchumi uliyumba, vitabu vikaadimika, wa kujitolea wakachoka. Sensa ya mwaka 2002 ilionesha kwamba karibu watu wazima watatu kati ya kumi hawajui kusoma. Mwaka 2010 utafiti wa Uwezo ulikuta kwamba mtoto mmoja kati ya watano wanaomaliza darasa la saba hawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Hapo tunajifunza kwamba ujuzi wa kusoma ni kama moto wa jikoni: usipochochewa huzimika, na kuwa na dawati si sawa na kuwa na mtu wa kukusikiliza unaposoma.

Ndugu zangu wa Iringo, Bunda na Butiama, mtoto anayeongea Kijita, Kizanaki, Kikurya au Kijaluo nyumbani hukutana na mambo mawili mapya siku moja: lugha na herufi. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumngoja. Wewe unaweza. Anza na a, e, i, o, u. Kisha ba, be, bi, bo, bu. Kisha neno, kisha sentensi. Nusu saa, mara tatu kwa juma, kwenye kivuli cha mwembe. Mwache asome yeye, wewe usikilize, na akikosea usimcheke.

Mmaliza darasa la saba wa mwaka 1972 aliifanya kazi hii kwa taa ya chemli. Sisi wenye taa za umeme na simu mkononi tutatoa udhuru gani?