Mzaliwa wa Kwanza na Kiti cha Baba

Mzee anapofariki, macho ya ukoo humwelekea mzaliwa wa kwanza. Je, ndivyo ilivyo pia katika kazi ya Bwana? Wana wa Eli walimwaibisha baba yao, na wana wa Samweli hawakuenenda katika njia zake. Daudi naye alikuwa kitinda mimba. Kwetu Walutheri, ambao askofu wetu huchaguliwa na Mkutano Mkuu wa Dayosisi, jambo hili laweza kuonekana la wengine. Hata hivyo Afrika ina mfano unaostahili kutafakariwa na kila usharika.

Mwaka 1921 Simon Kimbangu, Mkristo aliyelelewa na misheni ya Kibaptisti, alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa kijijini Nkamba, Kongo ya Wabelgiji. Huduma yake ya wazi haikufika hata miezi sita. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert aliibadili adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, naye Kimbangu akapelekwa mbali Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Huko, katika mji wa wasemaji wa Kiswahili, alikaa gerezani hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka thelathini kwa huduma ya miezi michache!

Aliacha wana watatu: Charles Kisolokele, Salomon Dialungana na Joseph Diangienda. Baba alipokamatwa, mkubwa alikuwa mtoto wa miaka saba tu. Aliyelilinda kundi lililofichwa na kuteswa alikuwa mama yao, Marie Muilu. Alifariki Aprili 1959, na mwezi Desemba mwaka huohuo serikali ikalitambua kanisa.

Kiti hakikuwa cha mkubwa. Aliyeongoza alikuwa Diangienda, mdogo wa wote. Kisolokele, aliyekuwa waziri katika serikali ya Patrice Lumumba mwaka 1960, alihudumu kama msaidizi wa mdogo wake. Kwa desturi zetu hilo si jambo dogo. Ndugu hao watatu walisimama pamoja, na mwaka 1969 kanisa lao likapokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Kisolokele na Diangienda walifariki mwaka uleule wa 1992. Dialungana akashika uongozi hadi kufa kwake mwaka 2001, na hapo ndipo fundo lilipofunguka. Mwanawe, Simon Kimbangu Kiangani, akakikalia kiti, lakini baadhi ya binamu zake hawakukubali, na kanisa likagawanyika. Mafundisho yaliyoinua wana wa Kimbangu kupita mipaka ya imani ya Utatu Mtakatifu yakaongeza mgogoro, na mwaka 2021 Baraza la Makanisa Ulimwenguni likakoma kulihesabu kanisa hilo kuwa mwanachama.

Karibu nasi zaidi, ng'ambo ya Sirari, magharibi mwa Kenya, Zakayo Kivuli alianzisha kanisa la African Israel Church Nineveh mwaka 1942. Alipofariki mwaka 1974, kiti hakikwenda kwa mwana. Mjane wake, Mama Rabecca Jumba, alikishika kwa miaka tisa, ndipo mwaka 1983 akakipokea mjukuu, John Mweresa Kivuli. Kule Nkamba na huku Nineveh, katikati ya baba na mrithi alisimama mama.