Gango la Chuma la Daktari wa Kurgan

Kila mtu aliyelelewa kijijini amepata kuona gango, yaani vijiti vilivyofungwa juu ya mguu uliovunjika ili mfupa usichezecheze mpaka uungane. Lakini mfupa ukipasuka vipande vingi, na nyama juu yake zikachanika, gango lifungwe wapi? Swali hilo lilimkabili Gavriil Ilizarov, aliyemaliza masomo ya uganga mwaka 1944 akapelekwa Dolgovka, kijiji cha mkoa wa Kurgan katika Siberia.

Alipitisha nyaya nyembamba katika mfupa, juu na chini ya mahali palipovunjika. Ncha zake akazikaza katika pete za chuma zilizouzunguka mguu, na pete hizo akaziunga kwa fito zenye nati. Hivyo jeraha likabaki wazi kuoshwa, na mgonjwa akaweza kukanyaga chini. Husimuliwa kwamba mgonjwa mmoja, aliyeambiwa azungushe nati ili mfupa ubanwe, alizizungusha kinyume. Picha ikaonyesha mfupa mpya umeota katika nafasi ile. Heri makosa yote yangekuwa kama hilo! Ikajulikana kwamba mfupa ukivutwa polepole, milimeta 1 kwa siku, tena kwa robo robo, hurefuka.

Walakini wakubwa wa Moscow hawakumsadiki upesi. Mwaka 1968 alimtibu Valery Brumel, bingwa wa kuruka juu katika Olimpiki ya 1964, ambaye mguu wake ulivunjika kwa pikipiki mwaka 1965 na kupasuliwa mara nyingi bila kupona. Akapona, hata akaruka tena. Mwaka 1980 alikwenda Kurgan Mwitalia mmoja mpanda milima, Carlo Mauri; aliporudi kwao Lecco, waganga walistaajabu. Mwaka uliofuata Ilizarov akaalikwa Bellagio kuwahutubia wapasuaji wa Italia, nao baadaye wakafunga safari kwenda kujifunza kwake.

Safari hizo hazikuwa za bure. Mpasuaji hana budi kujua barabara mishipa ya damu na ya fahamu ipitapo, asije akaitoboa. Waya uliolegea hutikisa nyama ukaleta usaha. Tena mgonjwa mwenyewe hana budi kufundishwa kuosha matundu na kuzungusha nati kila siku. Ndiyo maana wanafunzi wa kazi hii hutoboa kwanza mifupa ya bandia juu ya meza, wakafunga pete na kuzifungua, ndipo husimama kando ya mwalimu mbele ya mgonjwa.