Taa Kali za Magari ya Zamani

Katika watu wote wenye mapenzi na magari ya zamani, ni wachache mno ambao hawajapata kutamani, usiku wa kwanza waliposhika usukani wa gari lililoundwa kabla ya mwaka 1970, kulibadilishia taa za mbele. Kwani bodi huwa imenyooshwa na kupakwa rangi upya, ngozi ya viti imeshonwa, injini inaitika kwa adabu, lakini barabara iliyo mbele inaonekana kwa shida katika mwanga wa manjano usiofika mbali. Tamaa hiyo si ya leo. Imefuatana na gari tangu lilipozaliwa, na mwenye kuifuata tarehe yake kwa makini atabainikiwa kuwa ukali wa taa haukupata kuwa jambo la taa peke yake, bali ni jambo la umeme uliofichika nyuma yake, na la macho ya yule ajaye kutoka upande wa pili.

Magari ya mwanzo yalitumia taa za mafuta, ambazo kazi yake hasa ilikuwa kuwaonyesha wengine kuwa gari linakuja, wala si kumwonyesha dereva njia. Taa iliyostahiki kuitwa kali ilikuja na karabai. Mwaka 1892 Thomas Willson, huko North Carolina, alipata namna ya kutengeneza kabidi katika tanuri ya umeme, na kabidi hiyo ikidondoshewa maji hutoa gesi ya asetilini, iwakayo kwa mwanga mweupe ambao zama zile haukuwa na kifani. Ila dereva alilazimika kushuka, kufungua kidirisha cha taa, kutia kiberiti na kungoja. Na asiposafisha mkebe wake, masalio ya kabidi, ambayo ni chokaa, huganda yakaziba njia ya gesi. Mwaka 1904 Carl Fisher na James Allison, wa Indianapolis, wakaingia katika biashara ya kuuza gesi hiyo ikiwa imekwisha kushindiliwa katika mitungi, wakatajirika, ingawa viwanda vyao vilikuwa na tabia mbaya ya kulipuka. Na wawili hao walikuwa miongoni mwa waliojenga uwanja mashuhuri wa mbio za magari wa mji huo mwaka 1909.

Umeme ulikwisha kujulikana, lakini haukuaminika, kwa kuwa nyuzi za balbu zilikatika kwa mitikisiko ya barabara, na betri iliisha hima kwa kukosa kitu cha kuijaza. Mlango ulifunguliwa na Cadillac ya mwaka 1912, ambayo Charles Kettering aliitungia mfumo mmoja wa kuwasha injini, kujaza betri na kutoa mwanga. Mwaka uliofuata Bosch wa Ujerumani wakatoa mfumo wao wa dainamo, betri na taa. Tangu hapo mwenye kutaka mwanga zaidi alifungwa na kiasi cha umeme ambacho dainamo iliweza kuzalisha na waya ziliweza kubeba. Na magari mengi ya zama zile yaliundwa kwa volti 6, hesabu isiyokuwa na huruma, kwa maana balbu ya wati 60 katika volti 6 huvuta ampea 10, ilhali katika volti 12 huvuta 5 tu. Na kadiri ampea zinavyozidi, ndivyo umeme unavyopotea njiani. Volti moja ikipotea katika swichi iliyochakaa, gari la volti 6 limekwisha kupoteza sehemu moja katika sita, na mwanga hauanguki kwa kadiri hiyo hiyo, bali huanguka zaidi: upungufu wa asilimia 10 ya volti hula karibu asilimia 30 ya mwanga. Waingereza walikuwa na mzaha wa kumwita Lucas, mtengenezaji wa vifaa vya umeme wa Birmingham, Mfalme wa Giza. Naona walimdhulumu, maana aghalabu giza hilo lilitoka katika waya zilizozeeka na viungo vilivyoshika kutu.

Taa zilipokuwa kali, yakaanza malalamiko ya waliopofushwa nazo. Mwaka 1925 Osram walitoa balbu yenye nyuzi mbili, mmoja wa mwanga wa mbali na mmoja wa karibu, nayo ikairahisisha ile desturi ya fuli na dimu ambayo kila dereva anaijua. Uingereza, kabla ya vita vya pili, ilikuwa na ustadi wa kiajabu zaidi: dereva akibonyeza swichi, taa ya kulia ilizimika kabisa, na kiakisi kilichomo ndani ya taa ya kushoto kikavutwa na sumaku kuelekea chini na kando ya barabara, hata mtu akaenda zake kwa jicho moja mpaka mwenziwe apite. Wafaransa kwa miaka mingi waliyalazimisha magari yao kutumia mwanga wa manjano, sheria iliyodumu hadi mwaka 1993. Marekani, kwa magari yao ya 1940, walileta taa ya mviringo ya inchi 7 ambayo kioo, kiakisi na uzi vilizibwa pamoja vikawa balbu moja kubwa, ikiungua hutupwa nzima. Kipimo hicho cha inchi 7 kilienea duniani kwa namna ambayo labda wenyewe hawakuitazamia: Land Rover, Mini na MGB zote zilikichukua, na ndicho kinachomrahisishia mambo fundi wa leo.

Sisi wa Afrika Mashariki somo hili tulilisomea porini. Mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalifanywa mashindano ya Coronation Safari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na anayehesabiwa mshindi wake, Alan Dix, alikuwa na Volkswagen, gari la volti 6, katika barabara za udongo, mchana na usiku. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Mwaka 1963, na tena 1968, mvua ziliharibu njia hata yakamaliza magari 7 tu kila mara, na kila mara lililotangulia lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Gari la mashindano hayo lilijulikana kwa uso wake, kwa kuwa mbele ya taa zake za kawaida zilipangwa nyingine juu ya bampa, nazo hazikupangwa kwa urembo: zipo zilizotupa mwanga mwembamba wa mbali, ili dereva aone kona na ng'ombe mapema, na zipo zilizofungwa chini na kutandaza mwanga wake upana, kwa kuwa katika vumbi na ukungu taa kali iliyo juu humrudishia dereva ukuta mweupe machoni. Katika miaka ya 1980 na 1990 zilizidi taa zilizofungwa juu ya mabawa, karibu na kioo cha mbele, nazo ziliwashwa hata mchana, ili wachungaji na mifugo yao walione gari likiwa bado liko baidi. Hapo taa imekuwa onyo zaidi kuliko kuwa macho.

Mageuzi makubwa yaliletwa na halojeni. Katika balbu ya kawaida, chuma cha tangisteni cha uzi huvukiza taratibu na kuganda juu ya kioo hata kikafifia kwa weusi. Ndani ya balbu ya halojeni, gesi iliyotiwa hukirudisha chuma hicho kwenye uzi, ukaweza kuwaka kwa joto kubwa zaidi bila kuchakaa upesi. Balbu ya H1 ilitokea Ulaya mwaka 1962, na H4, yenye nyuzi mbili za wati 60 na 55, mwaka 1971. Taa za inchi 7 zenye kupokea H4 zikaanza kuuzwa, na kwa hiyo gari la mwaka 1958 likaweza kuvishwa macho ya mwaka 1971 pasipo kukatwa bati wala kuharibiwa sura.

Hapa ndipo wenye magari ya zamani wanapoteleza. Hununua balbu za wati 100, wakazichomeka katika waya zile zile na swichi ile ile ya dashibodi, mfano wa mtu aliyenunua mtungi mkubwa kwa kisima kilichokauka. Balbu mbili za wati 100 katika volti 12 huvuta karibu ampea 17, na dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa katika magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960, hutoa 22 kwa jumla, ambazo humo humo lazima zitoke za injini, za waipa na za taa za nyuma. Swichi huungua kwanza, waya hufuata. Fauka ya hayo, zipo balbu za LED zinazonadiwa kuwa ni dawa ya kila giza, ambazo kweli hula umeme kidogo, lakini kiakisi cha zamani kilichongwa kwa ajili ya uzi ulio mahali maalumu, na chembe za mwanga zisipokaa pale pale, mwanga hutawanyika ovyo ukaingia katika macho ya watu.

Lipo na suala la upande. Tangu mwaka 1957 taa za Ulaya hupandisha mwanga wa karibu upande wa ukingo wa barabara, na kioo kilichotengenezwa kwa nchi ziendazo kulia, kama Rwanda, Burundi na Kongo, kikiletwa Tanzania, Kenya au Uganda humulika juu kulia, yaani usoni pa ajaye.

Basi mwenye gari la zamani na aanze na waya mpya nene, fyuzi, na relei zilizowekwa karibu na betri, ili swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuamrisha tu; hayo pekee mara nyingi huongeza mwanga wa balbu zilizopo kabla ya kununuliwa kingine chochote. Kisha apime volti penye taa yenyewe, taa zikiwa zinawaka, azielekeze ukutani na kuzirekebisha, na kama kioo ni cha nchi ziendazo kulia, akirudishe dukani kabla gari halijatoka gereji.