Adui Aliyepokelewa Bukumbi

Wengi hutuuliza sisi makatekista: Dini ilifikaje pande hizi za kusini mwa ziwa? Wengine hudhani ililetwa na watu wenye nguvu. Kumbe sivyo. Waliopanda mbegu hapa walikuwa watu waliokimbia.

Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879, wakapokelewa na Kabaka Mutesa. Hata mwishoni mwa mwaka 1882, walipoona hatari imewazunguka, waliondoka kwa mitumbwi, wakaja kusini. Na mwaka 1883 wakajenga misioni ya Bukumbi, katika Usukuma, si mbali na Mwanza. Huko walikuwa wageni katika nchi ya watu, wala hawakuwa na serikali ya kwao ya kuwalinda. Wakakusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakawafundisha sala na kazi.

Mutesa alipokufa mwaka 1884, mwanawe Mwanga alishika kiti, akawaita mapadre, nao wakarudi mwaka 1885. Lakini moyo wake ukageuka. Wakristo wengi waliuawa kwa amri yake, na wale walioteketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 twawajua sote: ni Karoli Lwanga na wenzake.

Mwaka 1888 Mwanga mwenyewe akapinduliwa. Mwezi wa Oktoba watawala wapya waliwakamata wamisionari, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, wakawafukuza katika chombo kimoja kilichoitwa Eleanor. Njiani kiboko akakitoboa, na baadhi ya vijana wa misioni wakafa maji. Waliosalimika wakakitengeneza, wakaendelea na safari. Askofu Livinhac na mapadre wake wakafika Bukumbi. Waprotestanti wakaenda Usambiro, kwa Mackay.

Naye Mwanga? Alikuwa amekimbilia Magu, kwa wafanyabiashara Waarabu, ambao hawakumtendea vema. Ndipo akaomba hifadhi Bukumbi, kwa mapadre. Hebu tufikiri: huko walikuwako watu waliowafundisha na kuwabatiza wale aliowaua. Hata hivyo wakampokea, wakamlisha, wakamfundisha dini.

Wako wasemao mapadre walitumaini kwamba Mwanga akirudi kitini, misioni nayo itarudi. Huenda ni kweli. Lakini siku ile alipobisha hodi hakuwa na kiti wala jeshi; alikuwa mkimbizi tu, nao walikuwa wakimbizi kama yeye.

Mwaka 1889 Mwanga alirudi Buganda, na Wakristo, ndugu za wale mashahidi, wakampigania. Mackay alikufa Usambiro mwezi wa Februari 1890, na Padre Lourdel akafa Buganda mwezi wa Mei mwaka uo huo.

Sisi wa Chato tunakaa kando ya ziwa lile lile, na mtihani ule ule ulitufikia. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara. Wengine wakafika mpaka Biharamulo, na Chato ilikuwa bado sehemu ya wilaya hiyo. Katika umati ule walikuwamo wajane na yatima. Walikuwamo pia wenye damu mikononi, wala hakuna aliyeweza kuwatenga kwa kuwatazama. Maji yakapungua, misitu ikakatwa kwa kuni, manung'uniko yakaingia katika nyumba zetu za Wakristo. Watu wakaulizana: Je, tumlishe muuaji? Mwezi wa Desemba 1996 wengi wakarudishwa kwao, lakini swali hilo likabaki.

Basi, ndugu zetu walimu, wafundisheni watoto habari ya Bukumbi. Kumpa mtu chakula si kusema hana kosa. Kosa lina waamuzi wake, na ni wajibu lihukumiwe. Lakini njaa haingoji hukumu. Mapadre wale hawakusahau Namugongo walipomfungulia Mwanga mlango. Walikumbuka, wakafungua. Sisi tuliozaliwa katika imani waliyotuletea tusiwe wepesi wa kufunga.