Zana za ukarabati zilizojificha ndani ya Windows

KOMPYUTA inapoanza kukwama au kujizima ovyo, wengi huikimbiza kwa fundi, naye mara nyingi huamua kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Picha na nyaraka ambazo hazikunakiliwa hupotea hapo. Kabla ya kufikia uamuzi huo, mtumiaji hana budi kujua kuwa Windows 10 na Windows 11 zina zana zake za uchunguzi na ukarabati.

Kwanza, nakili mafaili muhimu kwenye diski nyingine. Kisha andika cmd katika sehemu ya kutafutia, bofya jina linalojitokeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na uchague kuifungua kwa mamlaka ya msimamizi.

Katika dirisha jeusi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth na ubonyeze Enter. Amri hii hukarabati hazina ya mafaili ya Windows, na kwa kawaida huhitaji intaneti. Ikimalizika, andika sfc /scannow, ambayo hukagua mafaili ya mfumo na kuweka mazima mahali pa yaliyoharibika.

Amri ya chkdsk C: huchunguza mpangilio wa diski bila kubadili chochote, ukiongeza /f husahihisha makosa kompyuta ikiwashwa upya.

Hata hivyo, zana hizi haziponyi diski iliyochakaa. Ikitoa mlio wa kugonga, izime mara moja umwone fundi, kwani kuendelea kuitumia kwaweza kuangamiza yaliyomo.