Rangi za Ubaharia katika Nyanda za Mlima Kenya

Rangi za ubaharia ni mpangilio wa rangi uliotokana na sare na vyombo vya mabaharia: buluu iliyokoza, ambayo madukani huitwa nevi bluu, nyeupe, nyekundu kidogo, rangi ya kamba ya katani na mng'ao wa shaba ya manjano. Mwaka 1748 maofisa wa Jeshi la Majini la Uingereza walipewa sare ya buluu. Mwaka 1858 Ufaransa ikaidhinisha fulana ya mabaharia wake, milia myeupe ikiwa na upana mara mbili ya ile ya buluu. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1846, Malkia Victoria alimvisha mwanawe Albert Edward, mtoto wa miaka minne, suti ya baharia, na mtindo huo ukaenea katika mavazi ya watoto.

Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kutoka huko hadi Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 600. Hata hivyo nevi bluu imejaa mitaani, hasa kwenye sweta za shule. Rangi hiyo inavumilia: haionyeshi vumbi upesi, na matope yakikauka hupigwa brashi yakatoka. Nyeupe ndiyo yenye taabu. Udongo mwekundu wa Othaya na Mukurwe-ini hushika soksi na kola, na wazazi wanajua kazi ya kuzisugua Jumapili jioni.

Historia ya eneo hili nayo imegusana na bahari. Tarehe 6 Februari 1952, katika nyumba ya Sagana karibu na Nyeri, Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliambiwa na mumewe Philip, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, habari ya kifo cha babake. Meli ya Gothic ilikuwa ikiwangoja Mombasa. Badala yake waliondoka kwa ndege kutoka Nanyuki. Mwaka uliofuata Elizabeth alizindua meli ya kifalme Britannia, ambayo ubavu wake ulipakwa buluu nzito na kuzungushiwa mstari mwembamba wa dhahabu. Mstari huo ni funzo kwa mpambaji yeyote: rangi ya kung'aa ikitumiwa kwa uchache hufanya kazi kubwa.

Ndani ya nyumba, mpangilio huu hauwezi kuhamishwa jinsi ulivyo kutoka Lamu au Malindi. Pwani, buluu na nyeupe hupoza macho penye jua kali. Nyeri, kuanzia Juni hadi Agosti, kuna ukungu na baridi, na sebule ya nyeupe kavu na buluu humfanya mgeni atamani kuvaa koti. Nyeupe ya hapa ifaayo ni ya sufu ya kondoo isiyotiwa rangi, ambayo ina umanjano kidogo. Nanyuki kuna kikundi cha akina mama wanaosokota na kufuma sufu kwa mkono tangu miaka ya 1970. Zulia la namna hiyo, pamoja na kiti cha mbao ya mwerezi na kikoi chenye milia ya buluu kilichotupwa mgongoni mwake, hutosha chumba kizima.

Nje, mvua hurusha matope ukutani na kuacha mkanda mwekundu. Ndiyo maana mafundi hupaka sehemu ya chini rangi nzito. Ikipakwa nevi bluu, na juu nyeupe ya maziwa, nyumba husimama kama jahazi lililopwelewa, na matope hayaonekani sana.

Kwa mavazi, soko la Karatina lina fulana za milia tele kwenye mitumba. Mnunuzi atazame kwanza mshono wa ubavuni: milia ya mbele na ya nyuma ikikutana sawasawa, kitambaa kilikatwa kwa uangalifu. Kisha akunje pindo aone upande wa ndani. Buluu ya nje ikiwa imefifia kuliko ya ndani, jua na sabuni vimeshaila, na fulana hiyo haitafaa tena kuvaliwa na suruali ya nevi bluu. Ivaliwe na kaki.