Mlango na Safari

Elimu ya kompyuta ilianza katika vyumba walimoingia wachache, kwa sababu mitambo yake ilikuwa ghali na adimu. Katika mwaka wa 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba maandishi ya masomo yake yatawekwa katika intaneti bila ya malipo. Hata hivyo msomaji alipewa maandishi, hakupewa wa kumsahihisha. Mwaka wa 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifundisha kwa intaneti somo la Chuo Kikuu cha Stanford la utangulizi wa akili bandia, pamoja na mazoezi na mitihani yenye muda maalumu. Walijiandikisha watu wapatao 160,000; waliomaliza walikuwa kiasi cha 23,000.

Wako walioona katika tofauti hiyo kushindwa kwa jambo zima. Hukumu hiyo ni nyepesi, maana hapana ukumbi wa chuo hicho uliopata kuketisha wanafunzi 23,000 wa somo moja. Lakini wale walioachia njiani nao wana ushahidi wao: kufunguliwa mlango si kufika. Mashine ilisahihisha majibu. Haikumwuliza aliyenyamaza sababu ya kunyamaza kwake. Kazi hiyo ilibaki bila ya mtu, na thamani ya mwalimu ikajulikana pale alipokosekana.